Dawa ya Damu Aliimeza Lini?

Binti yangu Kwamboka,

Tangu Alhamisi hunisemeshi ila kwa lazima. "Mama, chumvi iko wapi?" "Mama, fundi wa hema amefika." Nimekuacha unune kwa sababu una haki ya kununa. Nilikuaibisha mbele ya wakwe zako, siku tuliyopika kuku watatu ili watu wa Magwagwa waseme umetoka nyumba yenye heshima. Sikuombi msamaha kwa barua hii. Naandika ili ujue kwa nini nilifanya vile, maana kesho utaondoka hapa ukiwa mke wa watu, na sitaki uondoke ukidhani mama yako ana kichaa.

Naandika kwa Kiswahili, lugha tuliyokulelea, kwa kuwa Kijaluo changu hukutaka kujifunza, nacho Kikisii changu bado kinawachekesha wanawake wa soko la Mosocho baada ya miaka yote hii. Habari za kupika, kufua na kumtunza mume sitakuambia. Shangazi zako wamekuimbia hayo wiki nzima hadi masikio yakaota sugu.

Tuanze na Alhamisi. Baba mkwe wako alipomaliza ugali alitoa kidonge kwenye mfuko wa koti akakimeza na chai. Mkono wa shati ulipanda kidogo, nikaona ngozi imevilia damu, rangi ya zambarau, kana kwamba amegongwa na ng'ombe. Nikajua ile dawa papo hapo. Nikamwuliza mbele ya wanawe na wazee wote: "Mzee, hiyo ni ya kuzuia damu isigande? Unaimeza saa ngapi? Nyumbani kwako ni nani anayejua ulivyoimeza?" Wanawe wakatazama dari. Yeye akacheka kwa adabu, akasema, "Mama Kwamboka, hayo tutaongea siku ingine." Nawe ukanifuata jikoni ukilia: "Mama, umeniua! Watasema nimelelewa na nani?"

Umelelewa na mimi. Na mimi ndiye niliyenyamaza siku ambayo Sokoro, babu yako, alikuwa anahitaji mtu mmoja tu afungue mdomo.

Ulikuwa shule ya bweni wakati ule, na ukaletewa hadithi nusu: kwamba babu yako alipigwa na kiharusi, kwamba tulimfikisha hospitali mapema, kwamba daktari alikuwa na dawa akakataa kumpa. Najua unamchukia yule daktari kijana. Nimekusikia ukiwaambia wenzako kuwa alitaka kitu kidogo. Hakutaka chochote. Muache.

Ili unielewe lazima nikurudishe nyuma kidogo. Nilipoolewa hapa nikitoka upande wa ziwa, walisema sitadumu. Mjaluo, walisema, atamwita mkwewe kwa jina, atapita mbele yake na kanga moja. Nikaapa nitawashangaza. Chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mkwe na mkwe, nikaisoma kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Sikukanyaga nyumba ya baba mkwe wangu kupita sebule. Sikumshika mkono. Sikumtazama usoni. Chai yake niliiweka kwenye kigoda nje ya mlango wake, nikaita "Tata, chai," kisha nikarudi nyuma hadi kwenye migomba ndipo atoke aichukue. Wanawake wakaanza kusema, "Huyu Mjaluo ana chinsoni kuliko wasichana wetu." Kwamboka, sifa ile niliipenda. Niliipenda kuliko kazi yangu ya ushonaji, na wakati mwingine, Mungu anisamehe, kuliko watu wenyewe niliowaheshimu.

Nyanya yako alipofariki, Sokoro akabaki peke yake katika nyumba ile. Baba yako alikuwa Nakuru kwenye kazi ya umeme. Shangazi yako Bosibori alikuwa ameolewa mbali, anakuja mara mojamoja. Kwa hiyo aliyekuwa karibu na mzee kila siku ni mimi, mtu asiyeruhusiwa kuwa karibu naye.

Moyo wake ulikuwa umeanza kupiga bila mpangilio, mara mbio, mara unaruka. Kliniki wakampa vidonge vya kuzuia damu isigande ndani ya moyo ikapanda kichwani. Hapa nyumbani sote tukaviita "dawa ya damu," basi. Kazi yangu ilikuwa kumnunulia mjini vikikaribia kwisha. Niliviweka kwenye kigoda pamoja na chai.

Asubuhi moja, Jumatatu, nilikuwa naanua nguo, akaja akasimama upande wa pili wa ua. Hakuniangalia, alitazama barabara. Akaniita kama wanavyomwita mke wa mwana: "Mokamwana, ile dawa ya damu usininunulie tena. Inanichafulia nguo. Nimeiacha tangu Sabato."

Hayo tu, kisha akaenda zake.

Nilielewa. Ningekosaje kuelewa? Kuchafua nguo maana yake ni damu inatoka kule kwa haja kubwa. Ile bawasiri yake ya zamani, ambayo nyanya yako alinidokezea siku moja akicheka, ilikuwa imeamka kwa sababu damu imekuwa nyepesi. Mzee mwenye cheo kanisani, anayesimama mbele ya watu kila Sabato na suti ya kijivu, alikuwa anaogopa kuketi kwenye benchi. Na alipotafuta wa kumwambia, akaniambia mimi, kwa maneno yaliyofunikwa kama chungu cha maziwa. Najua sasa ilimgharimu kiasi gani kuja kwenye ule ua.

Nami nilifanya nini? Niliona haya. Uso uliniwaka pale kwenye kamba ya nguo. Nikajiambia nitamwambia Bosibori akija. Sikumpigia simu. Sikumpigia baba yako. Ningeanzaje? "Baba yako anatokwa na damu matakoni"? Basi Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita, na mzee hana dawa mwilini, na mimi najua.

Jumatano asubuhi niliweka chai kwenye kigoda nikarudi kwenye migomba. Akatoka. Akainama kuchukua kikombe, kikamponyoka. Akakitazama kana kwamba si chake. Kisha mdomo ukaanguka upande mmoja, na mguu wa kulia ukakataa, akateleza taratibu kwenye nguzo ya mlango hadi chini. Sikumkimbilia. Nataka ulijue hilo pia. Nilisimama pale pale nikapiga mayowe mpaka Tata Ongeri, mdogo wake, akatoka nyumba ya pili na kumkumbatia. Mimi nilishika kichwa changu mwenyewe.

Tulipata gari la jirani mara moja. Mosocho na mjini si mbali, na barabara ilikuwa nzuri. Pale hospitali wakamkimbiza kupigwa picha ya kichwa, na yule daktari kijana akatoka na uso wenye matumaini. Nauona mpaka leo. Akasema, "Mmewahi. Wengi huletwa kesho yake, mimi nabaki kuwapa pole tu. Hana damu iliyovuja ndani. Ni donge limeziba mshipa. Kuna dawa ya kuliyeyusha, na leo tunayo." Tata Ongeri akasema amina kwa sauti.

Kisha akauliza, "Lakini niambieni kweli. Ana dawa yoyote anayomeza ya kufanya damu iwe nyepesi?"

Tata Ongeri alikuwa amesimama kichwani pa kitanda. Mimi nilikuwa kule mwisho karibu na pazia, nimewapa mgongo, kwa kuwa walikuwa wamemfungua mzee shati na suruali, na pale walikuwepo wakwe zangu wawili, mmoja amelala na mmoja amesimama. Tata Ongeri akajibu kwa fahari, "Anakunywa dawa ya damu. Huyu mzee tunamchunga poa, daktari. Hakuna siku inapita."

"Mara ya mwisho aliimeza lini?"

"Jana jioni. Ni lazima alimeza. Kila jioni."

Daktari akaitazama tena ile picha. Halafu akauliza, "Nani anaishi naye?"

"Ni huyu bibi ya kijana," akasema Tata Ongeri. "Lakini huyo ni mokamwana, hawezi jua mambo ya mzee."

Nikasikia viatu vya daktari vikija hadi nyuma yangu. Kijana wa watu, si wa huku, hakujua chinsoni ni nini. Akaniuliza kwa upole, "Mama, ni kweli? Alimeza jana?"

Mwanangu, jibu lilikuwa mdomoni. Aliacha tangu Sabato. Maneno matatu. Lakini nyuma ya maneno hayo niliona swali lingine likija: aliacha kwa nini? Na wewe umejuaje? Na ningelazimika kumtaja mkwe wangu, akiwa uchi pale, na damu yake, na mahali inapotoka, mbele ya mdogo wake. Na zaidi ya hayo ningekuwa nimemwambia Tata Ongeri kwamba ni mwongo mbele ya mgeni. Mimi, yule Mjaluo mwenye heshima.

Nikasema, "Ni kama Tata alivyosema."

Nimeyarudia maneno yale mara nyingi hata sijui tena sauti yangu ilikuwaje. Daktari akashusha pumzi. Akatueleza kama watu wazima: mtu aliyemeza dawa ya namna ile jana jioni, damu yake haishiki, na ukimwongezea dawa ya kuyeyusha donge, inaweza kufumuka ndani ya ubongo na kumuua hapo hapo kitandani. Akasema kuna dawa za zamani za aina hiyo ambazo ukipima damu unajua zimebaki kiasi gani, lakini hii ya mzee hawana kipimo chake, kwa hiyo anategemea neno la familia. "Siwezi," akasema. Wakamhamishia wodini.

Nilimpigia Bosibori mchana, nikiwa nje karibu na mahali wanapoanika mashuka ya hospitali. Kwa mwanamke mwenzangu ulimi ulifunguka, nikamweleza yote tangu ule ua. Akanipigia kelele nikaondoa simu sikioni. "Na daktari umemwambia? Mwambie! Mficha uchi hazai, wewe mama, kimbia umwambie!"

Nikakimbia. Nikamkuta daktari kwenye korido, nikamwambia yote, hata lile neno la haja kubwa nikalitamka, na hakuna ukuta ulioanguka. Hakushtuka hata kidogo. Wao husikia mambo hayo kutwa nzima. Aliangalia saa ya ukutani, kisha akaniangalia mimi. "Mama, muda umepita. Asubuhi ile ubongo ulikuwa bado unaokoleka. Sasa nikimpa ndiyo nitamuua."

Nikamwuliza, je, ningesema asubuhi? Angeweza kunidanganya aniponye. Akasema, "Sijui. Hiyo damu ya bawasiri ningetaka kuiangalia kwanza. Labda ningempa, labda hapana. Na hata wanaopewa si wote wanaoinuka. Lakini ningeamua nikijua." Nimeishi na hilo "labda" tangu siku ile. Mtu akikuambia umeua, unalia unamaliza. Labda haina mwisho.

Unakumbuka ulivyomkuta ulipofunga shule. Upande wa kulia umekufa, na maneno yote yameondoka isipokuwa moja. Mzee aliyefundisha somo la Sabato bila kuangalia kitabu alibaki na "mbuya." Nzuri. Sokoro, umeshiba? Mbuya. Unaumwa? Mbuya. Ukamwambia umefaulu hisabati, akasema mbuya, ukafurahi. Lakini mimi nilimsikia akisema hivyo hivyo kidonda cha mgongoni kikisafishwa, machozi yakimtoka jicho moja. Hakuwa na neno lingine la kulilia.

Na ni nani aliyemwogesha? Baba yako alirudi Nakuru baada ya likizo, kazi haingoji. Bosibori alikaa mwezi, akaitwa na watoto wake. Ikabaki mimi. Tata Ongeri akaniambia uani, bila kunitazama, "Ugonjwa haina chinsoni, mama. Fanya tu." Nilitaka kumrushia sufuria. Sasa ndiyo haina? Basi nikaingia chumba ambacho sikuwahi kukiona tangu niolewe. Nikamvua nguo mtu niliyeona haya kutaja damu yake. Nikamgeuza, nikamfuta, nikambadilisha nepi asubuhi na jioni. Kila mara alifumba macho kwa nguvu, mpaka nimalize, kisha anasema, "Mbuya." Sijui alikuwa ananishukuru au ananisihi niache.

Baba yako aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa tunamenya mahindi. "Ulijua ameacha?" Nikasema nilijua. Akaendelea kumenya. Baadaye akasema, "Ungesema," akaenda kukamua ng'ombe. Hajawahi kulirudia, na sijui kama amenisamehe au ameamua tu kuishi nami. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, kwa hiyo sikumwomba.

Sokoro alipokufa, masika ya pili, kwenye maziko mwanamke mmoja alisimama akanisifu. Akasema hajawahi kuona mkaza mwana mwenye heshima kama yule aliyetoka upande wa ziwa. Watu wakapiga makofi. Nilitamani ardhi ya lile kaburi inimeze mimi.

Sasa unajua kwa nini mwezi uliopita, ulipotoka Magwagwa kuwatembelea ukarudi ukijisifu, nilitoka nje ghafla. Ulisema mama mkwe wako amewaambia majirani, "Huyu msichana ana haya, hata hapiti mbele ya mzee." Ulikuwa unang'aa. Nilijiona mimi mwenyewe nikiwa na miaka yako. Na Alhamisi nikamwona mzee akimeza kile kidonge, na mume wako anafanya kazi Kisumu, na mama mkwe wako anashinda sokoni. Hesabu yake ni rahisi. Utakayekuwa naye nyumbani ni wewe.

Sikuambii uvunje chinsoni. Watu wale wana heshima yao na ni nzuri, imenilinda mimi pia katika mji huu. Mwekee mzee chai yake, mpe nafasi yake, usipite mbele yake. Lakini ile dawa yake uijue jina, jina la kwenye pakiti, si "dawa ya damu." Ujue kama ameimeza au ameiruka. Akija kwenye ua wako siku moja akitazama barabara, akakwambia nguo zinachafuka au meno yanatoa damu au amechoka na vidonge, ujue kuwa anakulilia. Usione haya kwa niaba yake. Piga simu kabla hajafika mlangoni kwake. Na mkifika mahali penye daktari, mzee mwingine akajibu kwa fahari asichokijua, geuka umtazame daktari usoni useme lililo kweli, hata kama baada ya hapo hawatakusalimia. Watakusalimia tu. Na wasipokusalimia, rudi hapa, mlango upo.

Nilidhani ningemaliza hapo, lakini kuna jambo moja ambalo limenijia nikiandika, nami sina mwingine wa kumwambia.

Kuanzia kesho mimi nami ni mama mkwe wa mtu. Huyo mume wako ni kijana mwenye adabu. Akija hapa atakaa mbali nami, atainamisha macho, na nikianguka mbele yake atasimama akipiga mayowe kama nilivyosimama mimi. Mwambie mimi nimesema hivi, na umwambie mapema, kabla hajajifunza kunionea haya: aingie chumbani. Anishike. Kama nguo zimefunguka, azifunge au aziache, lakini asigeuke. Na akiulizwa, aseme namwaga nini na kinatokea wapi. Kwa sasa nameza kidonge kimoja cha presha, cheupe, asubuhi kabla ya chai. Cha leo nilikisahau kwa ajili ya hizi pilkapilka za harusi yako. Cha jana nilimeza.

Ni mimi mama yako, ambaye kesho nitalia mbele za watu, na safari hii sitawapa mgongo, wataona.